Hotuba Iliyokoma Ukurasa wa Nne

Waziri alikutwa amekaa, na hilo ndilo lililomkera Inspekta tangu alipotia mguu chumbani. Kwa miaka kumi na sita ya kazi yake, maiti alizozizoea zilikuwa zimelala. Hii ilikuwa kitini, suti ya kijivu imefungwa vifungo vyote, shingo imelegea begani, mkono wa kulia uko mezani karibu na bilauri tupu. Ungedhani anasubiri kukaribishwa jukwaani.

Ilikuwa saa moja na robo asubuhi. Mpiga picha wa polisi alikuwa akiizunguka meza. Ukutani, ndani ya kabati la kioo, ilipangwa mikasi thelathini na mmoja, kila mmoja na kikaratasi chake cha tarehe: shule, madaraja, visima, hospitali. Miaka ishirini na moja katika wizara tano, na kote alikopita alikata utepe. Watu mitaani walimwita Mzee wa Utepe. Mwenyewe alilijua jina hilo na alilipenda.

"Amejiua," alisema Mkuu wa Upelelezi. Alikuwa amefika kabla ya wote, jambo lisilo la kawaida, maana Mkuu huyu hufika maiti ikishaondolewa na chai ikishaletwa. "Soma mwenyewe, Sindano."

Sindano ni jina alilobandikwa Inspekta na kikosi kizima. Wenyewe walisema ni kwa sababu ya wembamba wake. Ukweli ni kwamba swali lake lilikuwa likichoma mpaka ujibu.

Alivaa glavu, akainama juu ya meza. Kulikuwa na kurasa saba zilizopigwa chapa. Nne zilikuwa kushoto, zimelazwa kifudifudi. Tatu zilikuwa kulia, maandishi yakitazama juu.

"Kuna aliyezigusa?"

"Nani azishike? Mlinzi wake alifungua mlango saa kumi na mbili na nusu, akaona, akapiga simu. Mimi nimeinua ncha tu."

Picha zilipokwisha kupigwa, Inspekta alizisoma zote. Herufi zilikuwa kubwa mno. Kila ukurasa uliandikwa nusu ya juu tu, nusu ya chini ikaachwa nyeupe. Katikati ya maneno palikuwa na vistari vya penseli.

*Ndugu wananchi. / Nimewafungulia hospitali tisa za akina mama. / Vitanda mlivyoviona katika ile ya kwanza / ndivyo mlivyoviona katika ile ya tisa. // Kila nilipokata utepe, / kesho yake lori lilikuja kuvibeba. /*

Ukurasa wa saba uliishia hivi: *Mzigo huu nautua leo. / Nisameheni. / Kwaherini.*

"Hakuna sahihi," alisema Inspekta.

"Mtu anayekufa anasaini ili iweje?"

"Na anayejiua anaanza na 'ndugu wananchi'?"

"Mwanasiasa huyo. Hata akifa lazima ahutubie." Mkuu alichungulia mlangoni, akashusha sauti. "Sikiliza. Saa kumi jioni msemaji wa serikali atatangaza kuwa ni mshtuko wa moyo. Kurasa hizi zitakaa kwenye sefu yangu. Hayo ya vitanda ni maneno ya mtu aliyechanganyikiwa. Nimepiga simu wizarani, wanasema vifaa vyote vipo. Niandikie taarifa ya ukurasa mmoja, yaishe."

"Nipe mpaka hiyo saa kumi."

"Unatafuta nini?"

"Sijui bado, afande."

Na kweli hakujua. Kilichomsumbua ni zile kurasa nne zilizogeuzwa na tatu ambazo hazikugeuzwa. Simu ikamtetemeka mfukoni. Alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake.

"Shemeji, mdogo wako ameanza. Uchungu bado unakuja kwa kuachana."

"Mapema hivi? Si walisema bado wiki mbili?"

"Mtoto hana kalenda, shemeji."

"Ukibadilika nipigie. Usinikalie kimya."

Alirudisha simu mfukoni. Mdogo wake alikuwa huyo mmoja tu. Mama yao alifariki akimzaa, na Inspekta, akiwa na miaka kumi na mmoja, ndiye aliyemlea. Tangu mimba hiyo iingie hakuwa amelala usingizi wa maana, ingawa kazini hakumwambia mtu.

Mjane wa Waziri alikuwa kwenye meza ya chakula, akikunja kitambaa, akikikunjua, akikikunja tena.

"Pole sana, mama. Nina maswali machache."

"Uliza, mwanangu."

"Kwa nini nusu ya chini ya kila ukurasa ni tupu?"

Mama yule aliacha kukunja. Alinyanyuka, akaenda kwenye kabati la vyombo, akatoa miwani nyuma ya masahani. Vioo vyake vilikuwa vinene kama vitako vya chupa.

"Miaka kumi na minne nimeificha hii. Alikuwa haoni vizuri. Akiinamisha kichwa, mistari ya chini inampotea, basi anaandikiwa juu tu, herufi kubwa."

"Na miwani asivae?"

"Alisema waziri mwenye miwani kama hii hapewi wizara, anapewa kiinua mgongo."

"Na vistari?"

"Pumzi. Kimoja, vuta pumzi. Viwili, ngoja wapige makofi."

"Mwisho wa ukurasa wa nne kuna kiduara."

"Hayo ni maji. Akifika kwenye duara, anakunywa. Asipowekewa duara hanywi kamwe. Siku moja sauti ilimkauka bungeni, wakamcheka vibaya, ndipo kiduara kikaanza."

"Angeweza kuziweka alama hizo mwenyewe?"

"Mume wangu? Hata kuwasha kompyuta hajui. Alama ni za mwandishi wake wa hotuba. Siku ya hotuba wanafanya mazoezi asubuhi na mapema, yeye anasoma, mwandishi anamsikiliza. Leo alikuwa aende kufungua hospitali ya kumi."

Barua ya kwaheri haiwekewi pumzi. Anayeandika barua ya kufa haandiki mahali pa kungojea makofi. Zile kurasa zilitengenezwa zisomwe kwa sauti, na aliyezisoma alizigeuza moja moja mpaka alipofika penye duara.

Getini kitabu cha wageni kilikuwa wazi, ukurasa wa siku hiyo hauna hata jina moja.

"Leo asubuhi hakuja mgeni?" alimuuliza mlinzi wa geti.

"Hata mmoja, afande."

"Na mwandishi wa hotuba?"

"Huyo alikuja. Saa kumi na moja na nusu, akatoka saa kumi na mbili na dakika kama tano."

"Mbona hukumwandika?"

"Si umeniuliza mgeni? Yule si mgeni. Hata mbwa hawambwekei."

Inspekta alitamani kumkemea, lakini akaona atampotezea muda bure. Ilikuwa karibu saa tano. Mkemia wa maabara ya polisi akapiga simu.

"Bilauri ina mabaki ya sumu. Nyingi tu."

"Na jagi?"

"Maji matupu. Tena jagi limefutwa, halina alama ya kidole hata moja. Bilauri ina za marehemu peke yake."

"Anayejiua anafuta jagi?"

"Mimi ni mkemia, Inspekta. Napima vilivyomo kwenye chupa tu."

Ofisi ya mwandishi wa hotuba ilikuwa mwisho wa korido, ghorofa ya pili ya wizara. Ilikuwa na dirisha moja, meza moja na kopo la penseli zilizochongwa vizuri. Mwenyewe alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole wa sura, pete ya ndoa kidoleni. Alisimama kumpokea.

"Karibu, afande. Tumepata pigo."

"Poleni. Naona unafanya kazi."

"Nimeagizwa niandike salamu za rambirambi. Naibu Waziri atazisoma leo jioni."

Inspekta alizunguka meza bila kuomba ruhusa, akatazama kwenye kompyuta. Yalikuwa maneno mazuri, ya kumvisha marehemu kilemba cha ukoka: mtumishi wa watu, mjenzi, baba wa akina mama. Akayatazama tena.

"Naibu Waziri ana matatizo ya macho?"

"Hapana. Ni kijana yule, anaona mpaka ng'ambo ya barabara."

"Mbona umemwandikia nusu ya ukurasa? Na herufi zote hizi kubwa?"

Mwandishi aliitazama kazi yake. Aliitazama kwa muda mrefu, macho yakamtoka pima, kwa jinsi mtu anavyoshtuka akiambiwa amevaa shati ndani nje.

"Mazoea," alisema taratibu.

"Mazoea. Hata huyaoni tena."

"Miaka kumi na minne, afande. Kwangu mimi hivyo ndivyo ukurasa ulivyo."

Inspekta alivuta kiti akakaa. Alitoa nakala za picha, akazipanga mezani, kurasa zote saba.

"Hizi zilikutwa mbele yake. Nani aliziandika?"

"Mwenyewe, nadhani. Amekiri. Mimi ni nani wa kumbishia waziri?"

"Ulikuwa kwake saa kumi na moja na nusu."

"Tulifanya mazoezi, nikaondoka. Nilimwacha mzima."

"Mliifanyia mazoezi hotuba gani?"

"Ya hospitali ya kumi."

"Iko wapi?"

Nje gari lilipiga honi, na mwandishi akageuka haraka kuliko ilivyohitajika.

"Mkeo yuko wapi?" aliuliza Inspekta.

"Alifariki. Miezi minne sasa."

"Pole. Alifia wapi?"

"Hospitali."

"Ipi?"

"Hospitali ni hospitali, afande."

Inspekta hakumsukuma. Alikusanya zile picha, akazigonga mezani zikae sawa, akasema kwa sauti ya kuchoka:

"Basi nikwambie nitakachoandika. Nitaandika kwamba kurasa hizi ni za kughushi. Waziri hakuziandika, na nitalithibitisha hilo. Zikishakuwa za kughushi, na yaliyomo yatakuwa ya kughushi. Vitanda vipo, mashine zipo, lori halikuwahi kuja. Wizara inasema hivyo, na mimi nitakuwa nimewasaidia kusema."

Aliona taya la yule mtu likikaza. Yeye mwenyewe maneno yale yalimkera, maana ndivyo ingekuwa kweli. Akifichua uongo wa barua, anazika na ukweli uliomo, na hakuona pa kutokea.

Simu ikalia. Hakuitoa mfukoni kwa ujanja, wala hakuwa amepanga lolote. Alibonyeza kitufe cha sauti kwa kuwa mkono wa pili ulikuwa na makaratasi.

"Shemeji!" Sauti ilikuwa ikihema. "Damu, shemeji! Imeanza kumtoka damu nyingi. Tuko kwenye gari, nampeleka hospitali mpya, ile iliyofunguliwa mwezi uliopita, dakika kumi tunafika!"

Inspekta alisimama. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Ile ya zamani ni mbali kiasi gani?"

"Nusu saa na foleni! Kwa nini? Mpya si hii hapa? Tumeona vitanda kwenye televisheni!"

Alikuwa amesoma kurasa zile saba. Alikuwa amesikia kutoka kwa Mkuu kuwa ni upuuzi. Dakika kumi au nusu saa, na mdogo wake anatokwa damu, na yeye hajui nani wa kumwamini. Alimgeukia mwandishi wa hotuba.

"Wewe unajua," alisema. "Nimwambie nini?"

Mwandishi alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Niambie! Ni kweli au ni uzushi?"

"Geuza gari," alisema yule mtu. Kisha akaikaribia simu na kupaza sauti. "Geuza gari, ndugu yangu! Usimpeleke huko! Hakuna kitanda, hakuna damu, hakuna daktari, kuna rangi mpya tu! Nenda ya zamani, piga honi, panda juu ya ukingo wa barabara, lakini geuza!"

"Nani huyo, shemeji?"

"Fanya anavyosema," alisema Inspekta. "Fanya sasa hivi."

Simu ilikatika. Mwandishi wa hotuba alikaa chini, akafunika uso.

"Mke wangu ilikuwa dakika saba," alisema. "Ya zamani ilikuwa dakika ishirini. Mimi ndiye niliyemwambia dereva aende mpya."

Alichukuliwa kituoni bila pingu. Katika chumba cha mahojiano Inspekta alimsomea haki zake, akamwambia anaweza kunyamaza, akamuuliza kama anataka wakili. Alisema hapana, amenyamaza vya kutosha.

Simu ilikuwa mezani kati yao, haijalia. Inspekta aliitazama kila baada ya sentensi mbili.

"Anza na sumu," alisema.

"Niliitia kwenye bilauri kabla hajaingia chumbani. Kisha nikaweka maji, nikafuta bilauri na jagi."

"Na hotuba?"

"Niliiandika wiki tatu. Nilijua haisomi kabla. Hajawahi kuisoma kabla. Nilitaka nimsikie akisema kweli mara moja tu, kwa ile sauti yake."

"Akasema?"

"Kurasa tatu nzima, afande." Alicheka kidogo bila furaha. "Alikuwa anakiri huku amenyoosha mkono kama yuko uwanjani. Penye vistari viwili alingoja makofi. Maneno yalimpita mdomoni, hayakupita kichwani. Ukurasa wa nne ndio wa mke wangu. Sikuweka jina. Niliandika kwamba mama mmoja alifika akitokwa damu, akakuta chumba kitupu na utepe bado uko sakafuni."

"Hapo akaelewa."

"Aliumaliza, akaugeuza, ndipo akaelewa. Akasema, 'Upuuzi gani huu? Nipe ile ya mwaka jana, watu wanaipenda.' Nikamwambia, mzee, huyo ni mke wangu. Na mtoto tumboni. Nikamwambia, sema tu leo kwamba vitanda havipo, wasiende. Mkono wangu ulikuwa karibu na bilauri. Angesema ndiyo, ningeimwaga. Nakuapia ningeimwaga."

"Akasema nini?"

"'Vitanda vitakuja.' Akanyoosha mkono. Alishaliona duara, na akiliona duara anakunywa. Mazoea yake hayo, nilimfundisha mimi."

Inspekta aliyaandika maneno hayo. Alimhurumia, na alijikasirikia kwa kumhurumia. Bilauri iliandaliwa kabla ya swali kuulizwa, na hakuna hakimu atakayeliruka hilo.

"Maneno gani uliyoandika siku ya kuifungua hospitali aliyofia mkeo?" aliuliza.

"'Kuanzia leo, hakuna mama atakayezaa kwa hofu.' Mke wangu aliyasikia redioni. Alijivunia. Aliwaambia majirani kuwa ni maneno ya mume wake. Nilijua habari za lori. Sote tulijua. Nilidhani hiyo moja wataiacha."

Simu ikatetemeka. Inspekta aliidaka kabla haijatetemeka mara ya pili. Ulikuwa ujumbe mfupi: *Wamempasua. Wa kike. Wote wazima. Daktari anasema tungechelewa kidogo tu tungewakosa. Huyo mtu ni nani, nimshukuru?*

Aliusoma mara tatu. Kisha akaugeuza, akamwonyesha mtuhumiwa. Haikuruhusiwa, lakini alifanya. Yule mtu alisoma, akalia kwa sauti, mabega yakimruka, na Inspekta akatazama ukuta mpaka alipomaliza.

Saa kumi kasorobo mlango ulifunguliwa. Mkuu aliingia na kofia mkononi.

"Msemaji ananisubiri kwenye simu. Taarifa yangu ya ukurasa mmoja iko wapi?"

"Ni mauaji, afande. Mtuhumiwa huyu hapa, anakiri. Nimeshaingiza kwenye kitabu cha kituo, namba na saa."

"Chana huo ukurasa."

"Kurasa za kitabu zina namba. Tena nakala ya ripoti ya mkemia imeshakwenda kwa mwendesha mashtaka."

Mkuu alimtazama, akamtazama mwandishi, akatazama karatasi za maelezo zilizokuwa zimeanza kujaa. Alisoma mistari michache akiwa amesimama. Alipofika penye hospitali, akavuta kiti, akakaa, akaendelea kusoma. Alipomaliza hakumtazama mtu machoni.

"Umenimaliza, Sindano," alisema. Akatoka koridoni, na wakamsikia akiongea na simu. "Mwambie afute moyo. Ndiyo. Moyo wote, afute."

Mwandishi wa hotuba alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Zile kurasa saba zitakuwaje?"

"Ni kielelezo cha kughushi. Hazithibitishi kitu."

"Basi nimeua bure."

"Lakini maelezo yako ni yako," alisema Inspekta. "Ni lazima yaeleze kwa nini. Lori, vitanda, hospitali tisa, tarehe zote unazozijua. Na maelezo ya kukiri husomwa mahakamani, neno kwa neno, kwa sauti, waandishi wa habari wakiwa wamekaa."

"Anayasoma nani?"

"Karani wa mahakama."

"Macho yake mazima?"

Inspekta alifikiri. "Anavaa miwani. Anainama sana."

"Basi andika herufi kubwa, afande. Nusu ya juu tu."

Inspekta alitazama karatasi aliyokuwa ameijaza kwa mwandiko wake mdogo wa kipolisi. Aliiweka kando, akachukua nyingine nyeupe, akaanza upya. Mwandishi alimtajia polepole, kistari kwa kistari, lori la kwanza mpaka la tisa. Walipofika ukurasa wa nne, palipokuwa na chumba kitupu na utepe sakafuni, Inspekta aliinua kalamu, akamngojea apumzike.

"Hapo usiweke maji," alisema yule mtu. "Acha asome mpaka mwisho."